Kura na Uhakiki

Kwa muda wa miaka 34 nimelifundisha neno uhakiki katika madarasa ya sekondari, na kila mwaka nililianza kwa namna ile ile. Niliandika ubaoni FANI, nikaandika MAUDHUI, nikapiga mstari katikati. Niliwaambia wanafunzi kwamba kuhakiki si kusema kazi hii nzuri na hii mbaya. Kuhakiki ni kutafuta uhakika wa jambo: limejengwaje, linasema nini, na linamgusa nani. Sikudhani hata siku moja kwamba neno hilo lingenirudia kwa njia ya bastola.

Lilinirudia mwaka 2016. Mwaka huo uongozi wa Mkoa wa Dar es Salaam uliwataka watu wote wanaomiliki silaha za moto wazipeleke polisi zikahakikiwe, nao wakapewa miezi mitatu hivi kufanya hivyo. Rais John Magufuli mwenyewe silaha zake zilihakikiwa Ikulu, na picha tukaziona magazetini. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na bastola moja. Alikuwa akiuza nafaka sokoni Tandika, na nyumba yake iko Mbagala. Bastola aliiomba baada ya wezi kumvamia mara mbili akitoka kufunga hesabu za jioni. Akanipigia simu huko kwangu Mwananyamala, akasema, "Mdogo wangu, njoo unisindikize. Wewe ndiye mtu wa uhakiki." Tukaenda. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Askari alisoma namba iliyochongwa ubavuni mwa bastola, akailinganisha na iliyomo katika leseni, akahesabu risasi, akamtazama kaka usoni kisha akaitazama picha yake. Halafu akauliza swali moja ambalo sikulisahau: "Nyumbani unakaa na nani?"

Kaka alifariki mwaka 2020. Siku ya tatu, tulipokwisha kuanua matanga na majamvi yamerudishwa msikitini, wanawe watatu waliniita ukumbini. Mimi kwao ni baba mdogo, na kwa kuwa baba yao hayupo, neno langu lilingojewa. Mambo mengine yalikuwa na utaratibu wake: nyumba ina sheria ya mirathi, duka lina wadai na wadaiwa. Lililobaki ni bastola iliyokuwa ndani ya sefu. Kila mmoja aliitaka, na kila mmoja alikuwa na sababu. Mkubwa alisema yeye ndiye atakayeendesha duka. Wa kati, ambaye ni dereva wa malori ya Tunduma, alisema njia ni ndefu na ina watu wabaya. Mdogo alisema hana sababu ila moja: alikuwa akiiona kiunoni mwa baba kila jioni, na akiishika atakuwa kama amemshika baba. Hapo kaka zake wakanyamaza. Nadhani hata sababu zao zilikuwa hiyo hiyo.

Wa kati ndiye aliyevunja ukimya. "Baba mdogo, tusigombane. Tupige kura. Hata Marekani serikali inagawa bastola kwa kura." Alikuwa na rafiki huko aliyemtumia maelezo ya jambo hilo, naye alikuwa ameyachapisha. Akanitolea karatasi nne. Nikawaambia wanipe usiku mmoja, nikachukua funguo za sefu. Usiku ule, katika chumba cha wageni cha marehemu, nilivaa miwani nikauhakiki mpango ule kama nilivyokuwa nikihakiki riwaya za kidato cha tano.

Jambo lenyewe ni la kweli. Jeshi la Marekani liliikubali bastola aina ya M1911 mwaka 1911, likapigana nayo katika vita vikuu viwili vya dunia, Korea na Vietnam, mpaka mwaka 1985 bastola nyingine, Beretta, ilipochaguliwa kushika nafasi yake. Za zamani zikawekwa ghalani. Zilizokuwa zimebaki huko zilifika kama 100,000, na wanasiasa waliotaka ziuzwe walisema kuitunza kila moja kunaligharimu jeshi kama dola 2 kwa mwaka. Bunge lao likaruhusu zitolewe kidogo kidogo kwa chombo kiitwacho Civilian Marksmanship Program, ambacho tangu mwaka 1996 si idara ya jeshi tena lakini kimeundwa kwa sheria ya Bunge, nacho kiwauzie raia. Awamu ya kwanza ilikuwa ya bastola 8,000. Maombi yalipokelewa kwa posta tu, kuanzia tarehe 4 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba 2018, na yalifika kama 19,000. Mashine ikampa kila mwombaji namba ya kubahatisha, na wenye namba ndogo wakaitwa kwanza. Bei ilikuwa dola 850, 950 au 1,050 kulingana na hali ya bastola, na mtu hakuruhusiwa kununua zaidi ya moja kwa mwaka.

Nianze na fani, maana mhakiki mwaminifu hutoa sifa kabla ya lawama. Fani ya mpango huu ni nzuri kuliko alivyoielewa mwanangu yule. Yeye aliona kura tu. Lakini mwombaji alitakiwa kwanza athibitishe uraia na umri wake, awe mwanachama wa klabu inayotambuliwa na chombo hicho, na aonyeshe kwamba amewahi kushiriki mafunzo au mashindano ya kulenga shabaha. Kisha jina lake lilipelekwa katika daftari la shirika la upelelezi, FBI, si mara moja bali mara mbili. Hata bastola yenyewe haikupelekwa mlangoni pake. Ilipitia kwa muuza silaha mwenye leseni. Kura, basi, haikumwambia mtu yeyote kwamba anastahili. Ilimwambia tu kwamba zamu yake ni ya ngapi. Ni kama upatu wa akina mama wa Mbagala: wanaoingia wamekwisha kujuana na kuaminiana, na kikaratasi huamua tu nani apokee mwezi wa kwanza na nani angoje mwezi wa kumi.

Na kura kama hiyo mimi sina ugomvi nayo. Mwaka 1983, wakati wa uhaba ule baada ya Vita vya Kagera, zililetwa shuleni kwetu doti saba za kanga. Walimu tulikuwa 22. Mwalimu mkuu angeweza kuwapa rafiki zake, na sisi tungenung'unika mwaka mzima. Badala yake alikata karatasi 22, akaandika "kanga" katika saba, akazitia ndani ya kofia yake. Mimi sikupata. Nilirudi nyumbani mikono mitupu na moyo mweupe, kwa sababu kura haina mjomba. Palipo na upungufu na watu wote wana haki sawa, sijui njia iliyo safi kuliko hiyo. Waombaji 19,000 na bastola 8,000 ni hesabu ya namna ile ile, na waliokosa hawana wa kumlaumu.

Naam, lakini hapo ndipo nilipovuka mstari wa ubaoni, nikaingia katika maudhui, na hapo sifa zangu zikapungua.

Kanga ile ilimhusu aliyeipata na aliyeikosa. Hapakuwa na mtu wa tatu. Mwenzangu akijifunga kanga, jirani yake halali macho kwa ajili hiyo. Bastola si hivyo. Ikiingia ndani ya nyumba, humhusu mke ambaye hakuiomba, mtoto anayejua mama anapoficha funguo, mpangaji wa chumba cha uani, na jirani ambaye ukuta wake na wako ni mmoja. Karatasi zao hazikuwamo ndani ya kofia. Kura hutenda haki baina ya waliotia karatasi. Kwa wasiotia haina la kusema, na hata ikipigwa kwa unyofu wa namna gani hawawezi kushinda. Nilizisoma zile karatasi nne mara tatu. Mwombaji anaulizwa yeye ni nani, ana umri gani, amefanya mazoezi gani, na kama aliwahi kuhukumiwa. Yote ni maswali mazuri. Swali la askari wetu sikuliona: nyumbani unakaa na nani?

Najua mtu wa huko ataweza kunijibu. Atasema bastola ile ni ya kumbukumbu, kwamba babu yake alivuka nayo bahari kwenda vitani, na kwamba ataiweka kabatini kama sisi tunavyoweka upanga wa mzee. Simkebehi. Ndilo neno alilosema mtoto wa mwisho wa kaka yangu. Lakini kumbukumbu inayoweza kujazwa risasi ni kumbukumbu ya namna yake, na haulizwi aliyeitunza peke yake.

Msomaji asidhani kwamba naitazama Marekani ili nijisifu kwetu. Nilikuwa nimelala katika nyumba ambayo ukuta wake wa ukumbini una ufa. Fundi ameuziba mara mbili kwa saruji, na rangi imepakwa juu yake, lakini jua la asubuhi likiingia dirishani unauona. Ufa huo ni wa tarehe 29 Aprili 2009. Siku hiyo, kabla ya adhuhuri, ghala la silaha la jeshi katika kambi ya Mbagala Kizuiani lililipuka. Mabomu yaliruka juu ya nyumba za watu, watu zaidi ya 20 wakafa, mamia wakaumia, na nyumba nyingi zikabomoka au kupasuka. Watoto walikimbia kutoka shuleni wakifuata njia yoyote iliyokuwa wazi mbele yao. Mtoto wa mwisho wa kaka, yule yule, alikuwa darasa la tatu. Tulimpata usiku kwa watu tusiowajua, Mtoni, wamemwogesha na kumlisha ugali. Haikupita miaka miwili, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala jingine likalipuka katika kambi ya Gongo la Mboto, na watu zaidi ya 20 wakafa tena.

Silaha zile zilikuwa za kutulinda, na sina neno baya juu ya askari waliozilinda, maana baadhi yao walikufa nazo. Lakini nikizihakiki kwa kanuni ile ile, naona kasoro ile ile. Sisi wa Mbagala tulikuwa tumetiwa ndani ya jambo ambalo hatukutia karatasi yoyote. Katika lugha yetu neno kura lina kazi mbili: ni bahati inayotolewa ndani ya kofia, na ni sauti ya raia inayotiwa ndani ya sanduku. Juu ya ghala lile hatukuwa na kura ya namna ya kwanza wala ya pili. Hakuna aliyetuuliza kama mji uliokwisha kuizunguka kambi unafaa kuendelea kulala pembeni ya mabomu, na sisi wenyewe, niseme kweli, tulijenga huku tukijua kambi iko pale. Kiwanja kilikuwa rahisi. Nasi tulibahatisha.

Kwa hiyo swali walilojiuliza Wamarekani ni swali halali: silaha iliyozidi ifanywe nini? Kuna waliojibu kwa kuuza. Kuna wanaojibu kwa kuweka, na Mbagala imeonyesha kwamba kuweka nako kuna gharama isiyohesabiwa kwa dola 2. Na kuna wanaojibu kwa moto: Novemba 2016 jirani zetu wa Kenya walichoma silaha 5,250 kule Ngong, nyingi zikiwa zimekamatwa au kusalimishwa. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za ukanda huu, yetu ikiwamo, inataka silaha ziwekewe alama, kumbukumbu zake zitunzwe, na zilizozidi zishughulikiwe kwa njia ya salama. Moto hauna ushairi wa bastola ya babu. Lakini katika njia hizo tatu, huo ndio pekee ambao mtoto wa jirani hutoka nao na faida sawa na ya mtu mzima.

Na utaratibu wetu wa leseni? Nao niuhakiki, nisije nikawa mwalimu anayesahihisha madaftari ya wenzake tu. Fani yake ni mbovu. Kaka alianza maombi yake mwaka 2010, akaipata leseni mwaka 2012. Katikati hapo alichoka, akarudi, akaambiwa njoo kesho, akarudi tena. Sheria ya wakati ule ilikuwa ya mwaka 1991, na sasa ipo ya mwaka 2015, lakini safari ya mwombaji huanzia mahali pale pale: mtaani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anaulizwa kama anamfahamu mtu huyu. Jambo linapanda kata, linafika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, ndipo polisi. Katika kupanda huko kuna mlango wa rushwa katika kila ngazi, na mwenye haraka anaweza kushawishika kuupitia. Hata hivyo maudhui yake yana neno moja ambalo sikuliona katika zile karatasi nne. Kabla ya dola kuulizwa, jirani anaulizwa. Nakumbuka mzee mmoja wa mtaa wa kaka alikataa mwanzoni, akasema, "Huyu ni mtu mwema, lakini ana hasira za ghafla." Kaka alikasirika wiki nzima. Kisha akajenga sefu ukutani, akampeleka yule mzee akaione, na mzee akakubali. Nadhani sefu ile ilitulinda zaidi kuliko bastola iliyokuwamo.

Asubuhi niliwaita wote ukumbini. Shemeji yangu alikuwa eda, akakaa ndani ya mlango wa chumba chake, pazia limeshuka. Nikawaeleza wanangu niliyoyasoma: kwamba kura ya Marekani ilikuja baada ya uhakiki na si badala yake, na kwamba hapa kwetu leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Mwenyewe akifa, silaha inakabidhiwa polisi, na mrithi anayeitaka anaanza maombi yake tangu mwanzo. Wa kati akasema, "Hilo ni la sheria, baba mdogo. Sisi tunaongea la familia."

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Kama ni la familia, shemeji, niulize mimi. Hizo karatasi mlikuwa mnakata ngapi?"

Mkubwa akasema, "Tatu, mama."

"Tatu. Na mimi ninayelala nayo chumba kimoja miaka minane, nikisikiliza baba yenu akiota anafukuzwa na wezi, karatasi yangu iko wapi? Na dada yenu, anayeleta watoto wake hapa kila likizo?"

Hakuna aliyejibu. Mimi niliyejiona nimekesha nikihakiki, nilikuwa nimesahau hata kwamba kaka ana binti. Alikuwa jikoni, anasikia.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukapiga simu polisi. Askari wawili wakaja, sefu ikafunguliwa mbele yao, nao wakachukua bastola, risasi na leseni, wakaandika hati ya mapokezi nikatia saini. Jioni mtoto wa mwisho alikwenda kuitazama sefu tupu, akakaa mbele yake muda mrefu. Sikumwambia kitu. Baadaye mama yake akamwita, akampa saa ya mkono ya baba yake, ambayo kaka zake waliridhia kwa kauli moja bila kura.

Kura tuliipiga kwa ajili ya redio. Safari hii karatasi zilikuwa tano. Akapata binti, naye akasema ibaki pale pale ilipo, mama asikilize taarifa ya habari.

Mkubwa bado anaendesha duka la Tandika, na fedha za jioni bado zinatoka. Mwaka uliofuata alinijia Mwananyamala, akaniambia anafikiria kuomba leseni yake mwenyewe. Sikumkatalia, mimi siye ninayetembea usiku na mauzo ya siku mfukoni. Nilimwuliza kama amekwisha kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akasema bado, anakwenda kesho. Nikamwambia asianzie kwa mwenyekiti. Aanzie kwa mke wake, kisha kwa mpangaji wa uani, kisha kwa jirani wa ukuta mmoja, awaulize kila mmoja, na jibu lolote watakalompa alichukue kama jibu. Akacheka, akasema huo ni uhakiki mrefu kuliko wa polisi. Nikamwambia ndiyo, ndio niliokuwa nikiufundisha.